Mhunzi na Ufa: Historia ya Kuunga Chuma Katika Kilimanjaro

Utangulizi

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii inafaa sana kwa nyumba ya udongo au ya mawe, kwa kuwa ufa wa ukuta huonekana, na mwenye nyumba hupata siku kadhaa za kutafuta udongo na kuuziba. Kwa chuma mambo ni tofauti. Ufa wa chuma aghalabu huanza mahali pasipofikiwa na jicho, hukua bila sauti, na siku unapojitokeza chombo kimekwisha kuwa vipande viwili. Kwa sababu hiyo mafundi wa chuma, wa kale na wa sasa, wamelazimika kujifunza namna ya kuuzuia ufa kabla haujazaliwa.

Makala haya yanaeleza historia ya maarifa hayo katika Kilimanjaro, tangu zama za wahunzi waliofua majembe na mikuki kwa chuma cha Upare, hadi zama hizi za mafundi wa kuchomelea kwa umeme, ambao karakana zao zimeenea katika mji wa Moshi na kando ya barabara ziendazo Marangu, Machame, Kibosho na Rombo. Dai letu ni moja. Usalama wa kiungo cha chuma huamuliwa zaidi na yale yafanywayo kabla ya moto na baada ya moto kuliko yale yafanywayo wakati wa moto wenyewe. Mhunzi wa kale alilishika jambo hili kwa desturi. Fundi wa sasa anayo sayansi ya kulieleza. Lakini katika safari ya kutoka kwa yule kuja kwa huyu, sehemu ya nidhamu ilidondoka njiani, na hasara yake huwaangukia watu wasiohusika kabisa na ufundi: abiria katika basi literemkalo mlima, mtoto aliyekalia dawati, mkulima na mashine yake ya kumenyea kahawa.

Chuma Kutoka Upare

Wachaga walibarikiwa udongo wenye rutuba na maji yasiyokauka, lakini sehemu kubwa ya chuma chao cha kale ilitoka kwa majirani zao wa Upare, hasa Ugweno, katika milima iliyo kusini-mashariki ya Kilimanjaro. Huko ulikuwapo ukoo wa Washana, ambao jina lake lilifungamana na ufuaji chuma. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika utafiti wake juu ya historia ya Wapare uliochapishwa mwaka 1969, alionyesha kwamba Washana ndio waliokuwa na utawala katika Ugweno kabla ya kuondolewa na ukoo wa Wasuya, jambo ambalo kwa hesabu ya vizazi lilitukia yapata karne ya 16. Kwa hiyo katika nchi hiyo mwenye nyundo aliwahi kuwa mwenye enzi. Hilo latosha kutuonyesha thamani ya ufundi huu machoni pa wazee wetu.

Mafundi wa Upare walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kutoka katika vijito, wakauyeyusha katika tanuri kwa makaa ya miti na mivukuto ya ngozi. Hapa hapana budi mwanafunzi akumbuke jambo moja la sayansi. Chuma safi huyeyuka kikawa maji katika joto la nyuzi 1,535 hivi za sentigredi, na tanuri za namna hiyo hazikukusudiwa kufika huko. Kilichotoka tanurini kilikuwa bonge lenye vitundu kama sifongo, ambamo chembe za chuma zilichanganyika na makaa na mavi ya chuma, yaani zile taka nyeusi zifananazo na kioo.

Basi kazi ya kwanza ya mhunzi ilikuwa kulipasha moto bonge hilo na kulipiga nyundo tena na tena, ili taka zikamuliwe na chembe zishikane. Kwa maana hiyo kila jembe na kila mkuki wa kale ulikuwa kiungo kizima tangu ncha hadi shina. Mhunzi hakuwa na kipande cha chuma ambacho hakikuungwa. Kama angeshindwa kuzuia ufa, asingekuwa na chombo hata kimoja cha kupeleka sokoni.

Wahunzi wa Mlimani

Chuma kilipofika Kilimanjaro kiliingia mikononi mwa koo za wahunzi. Mamba, jirani ya Marangu, ndiyo iliyojulikana zaidi kwa kazi hiyo, na hata leo wapo wahunzi huko wanaofua kwa mvukuto na nyundo. Harry Johnston, Mwingereza aliyefika Moshi mwaka 1884 wakati wa Mangi Rindi, aliandika kwa kuwasifu wahunzi wa Kichaga. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi miongoni mwa Wachaga kwa miaka mingi tangu 1902, alichapisha mwaka 1912 makala maalumu juu ya mhunzi na sanaa yake. Watu hao walitazama kwa macho ya kigeni, lakini ushahidi wao wafaa, kwa sababu wahunzi wenyewe hawakuandika.

Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa. Nyundo yake ilihesabiwa kuwa na nguvu iliyopita ile ya kupiga chuma, na laana iliyotamkwa kwayo iliogofya watu. Ufundi ulirithiwa: mtoto alianza kwa kuvuta mivukuto, akaendelea kushika koleo, na baada ya miaka mingi ndipo akakabidhiwa nyundo. Kama ilivyokuwa kwa wahunzi wengi wa Afrika Mashariki, kiwanda kilizungukwa na miiko.

Msomaji wa leo anaweza kuiona miiko hiyo kuwa ni ushirikina mtupu. Lakini na tuitazame pamoja na kazi yenyewe. Kuunga vipande viwili kwa moto ni kazi isiyovumilia haraka, kelele wala mzaha. Chuma hupashwa hadi kiwe na rangi ya manjano inayokaribia weupe, kiasi cha nyuzi 1,200 hadi 1,300. Kikizidi hapo hutoa cheche na kuungua, kikipungua hakishikani. Kuanzia kutolewa motoni, mhunzi ana nafasi ya sekunde chache tu. Mahali penye kazi ya namna hii panahitaji utulivu, na pengine mwiko ulikuwa njia moja ya kuuhifadhi utulivu huo katika jamii isiyokuwa na kanuni zilizobandikwa ukutani.

Namna Mhunzi Alivyozuia Ufa

Adui wa kwanza wa kiungo ni uchafu. Chuma kinachopashwa moto penye hewa hufanya magamba meusi juu yake, na magamba hayo yakibaki kati ya vipande viwili, vipande hivyo hulala pamoja bila kushikana. Kwa nje kiungo huonekana kizima, lakini ndani mna ufa uliokwisha kuwekwa na fundi mwenyewe. Ndiyo sababu wahunzi wa sehemu nyingi za dunia huzichonga ncha za vipande ziwe za mshazari zenye tumbo katikati, ili vikikutana vigusane kwanza pale katikati. Kisha mapigo ya nyundo huanzia katikati na kuelekea kingoni, na taka iliyoyeyuka hupata njia ya kutoka. Wengine hunyunyizia mchanga safi, ambao huchanganyika na magamba na kuyafanya yawe maji mepesi. Chuma cha tanuri za kale kilikuwa na bahati moja, kwamba yale mabaki ya mavi ya chuma yaliyokuwamo ndani yake yalisaidia kazi hiyo hiyo.

Adui wa pili ni moto mchafu. Makaa ya miti yana salfa kidogo sana, nayo salfa ikiingia katika chuma hukifanya kivunjike kingali cha moto. Mhunzi wa mlimani hakujua jina la salfa, lakini makaa yake ya miti yalimwepusha na balaa iliyowasumbua wahunzi wa Ulaya walipoanza kutumia makaa ya mawe.

Adui wa tatu ni pigo la kuchelewa. Chuma kikishapoa na kuwa chekundu cheusi hakikubali tena kunyooka kama udongo wa mfinyanzi. Ukikilazimisha, hupasuka kingoni. Fundi mwema huacha kupiga, akakirudisha motoni, hata kama mteja amesimama mlangoni akingoja. Na adui wa nne ni kupoa kwa ghafula. Chombo kilichokwisha kuungwa huachwa kipoe polepole kando ya moto au ndani ya majivu, ila ukingo wa kukata, ambao hutakiwa uwe mgumu.

Mwanafunzi ataona kwamba katika mambo haya manne, usafi na uteuzi wa makaa hutangulia moto wa kuungia, na kupoa hufuata. Ni jambo moja tu, kuchagua saa ya kupiga na saa ya kuacha, lililo la wakati wa moto wenyewe.

Waya wa Misafara

Katika karne ya 19 biashara ya misafara kutoka pwani ilileta chuma cha aina nyingine. Pamoja na shanga na nguo, wapagazi walibeba matita ya waya za chuma na za shaba, na wahunzi wa Kilimanjaro wakajifunza kufua mikuki kutokana na waya hizo zilizotengenezwa Ulaya. Badiliko hili lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Waya ulikuwa chuma safi zaidi kuliko bonge la tanuri, lakini waya nyingi zikifungwa pamoja zina nyuso nyingi, na kila uso ni mahali pa magamba kujificha. Mhunzi aliyeweza kugeuza tita la waya kuwa ulimi mpana wa mkuki usio na mstari hata mmoja wa ufa alikuwa bingwa wa kuunga kwa kipimo cha nchi yoyote. Hivyo ufundi wa mlimani haukuganda katika mila. Ulipokea malighafi ya kigeni na kuitawala.

Uvamizi wa Wajerumani ulibadili hali. Baada ya vita vya Kibosho mwaka 1891 na vya Moshi mwaka 1893, na baada ya Mangi Meli kunyongwa tarehe 2 Machi 1900, zama za majeshi ya mikuki zilikwisha. Majembe ya viwanda vya Ulaya yakaingia sokoni, na kahawa ikawaita vijana kwenye kazi nyingine. Mhunzi hakutoweka, bali alisukumwa pembeni, akabaki na visu, mundu, mapanga na marekebisho madogo madogo.

Reli na Somo la Kutanuka

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, ikaendelezwa hadi Arusha mwaka 1929. Pamoja nayo ilikuja karakana yenye mashine na chuma kingi ambacho watu wa mlima hawakupata kukiona.

Reli yenyewe ni kitabu cha kujifunzia habari ya ufa. Waliolaza reli za zamani waliacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, wakaviunganisha kwa mabamba na bolti. Sababu yake ni kwamba chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Reli yenye urefu wa mita 10, joto lake likipanda kwa nyuzi 40 kati ya alfajiri na jua la mchana, hurefuka kwa milimita 5 hivi. Hiki ni kiasi kidogo, lakini chuma kilichozuiliwa kisirefuke au kisifupike hujaa nguvu za kuvutana, na nguvu hizo hutafuta mahali dhaifu.

Sasa tufikirie kiungo cha kuchomelea. Chuma kilichoyeyuka pale penye kiungo kinapopoa hushuka kutoka zaidi ya nyuzi 1,400 hadi joto la kawaida, nacho chataka kufupika. Lakini kimebanwa pande zote mbili na mabamba baridi yasiyosogea. Kila kiungo kilichochomelewa, hata kile kilicho bora kabisa, hulala na mvutano ndani yake. Reli zilipewa nafasi ya kupumua. Kiungo cha kuchomelea hakina nafasi hiyo, na ni juu ya fundi kukipunguzia mzigo kwa njia nyingine.

Moto wa Umeme

Ufundi wa kuchomelea kwa umeme ulizaliwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Nikolai Benardos wa Urusi alitumia cheche ya umeme kuunga vyuma katika miaka ya 1880, na mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Sweden alibuni rodi yenye gamba, yaani ule ujiti wa chuma uliopakwa dawa ambayo, inapoungua, hukinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Katika Moshi, shule ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1957, ambayo baadaye ikawa shule ya sekondari ya ufundi, ilisaidia kuwatoa vijana waliozijua kazi za chuma kwa njia ya darasani. Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikajengwa wilayani Hai, kwa msaada wa Bulgaria, kiwanda cha kutengeneza zana za mashine.

Mashine ya umeme ilimpa fundi uwezo ambao mhunzi hakuwa nao: kuunga mabamba marefu, mabomba na fremu za magari pasipo kuviingiza katika makaa. Lakini uwezo huo una mtego. Mhunzi alipasha moto kipande kizima. Cheche ya umeme hupasha mahali padogo tu, na chuma baridi kinachopazunguka hufyonza joto lake kwa sekunde chache. Ni kama fundi amekitumbukiza kiungo katika maji pasipo kujua. Ikiwa chuma hicho kina kaboni nyingi, sehemu iliyo kando ya kiungo hugeuka kuwa ngumu na kukosa unyumbufu, kama ukingo wa kisu kilichozimwa majini.

Hapo hujiunga mgeni mwingine, nayo ni gesi ya haidrojeni. Maji yaliyomo katika gamba la rodi lenye unyevu, katika kutu, katika rangi au mafuta yaliyo juu ya chuma, huvunjwa na joto la cheche, na haidrojeni yake huingia ndani ya chuma kilichoyeyuka. Chuma kinapoganda, gesi hiyo hukamatwa humo, hutembea polepole, na kukusanyika katika sehemu ngumu yenye mvutano. Ufa waweza kutokea baada ya saa kadhaa, pengine hata baada ya siku mbili, wakati fundi amekwisha kulipwa na gari limekwisha kuondoka.

Ufa wa namna hii huhitaji mambo matatu yakutane: chuma kigumu, haidrojeni na mvutano. Likiondolewa mojawapo, ufa hautokei. Ama kuhusu njia za kuyaondoa, nazo si siri. Chuma chenye kaboni nyingi hupashwa moto kwanza, aghalabu nyuzi 200 hadi 300, na joto hilo hupimwa kwa chaki maalumu ziyeyukazo katika joto linalojulikana. Kutu, rangi na mafuta huondolewa hadi chuma king'ae. Rodi za haidrojeni kidogo hukaushwa katika tanuri kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa muda wa saa moja au mbili, kama mtengenezaji alivyoagiza, kisha hutunzwa mahali penye joto hadi zitumike. Shimo dogo linalobaki mwisho wa mstari wa kuchomelea hujazwa kabla ya kuondoa rodi, kwa kuwa ndipo ufa wa moto hupenda kuanzia. Na kazi ikiisha, kiungo hufunikwa kipoe polepole.

Katika Kilimanjaro jambo la unyevu si la vitabuni tu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukungu hulala juu ya migomba ya Kibosho na Machame kutwa nzima, na pakiti ya rodi iliyoachwa wazi usiku mmoja hunywa maji bila kuonyesha dalili yoyote. Fundi aliyefanya kazi hiyo hiyo kwa salama wakati wa kiangazi hushangaa kuona kiungo chake kikipasuka mwezi wa Aprili.

Springi ya Gari na Mashine ya Kahawa

Mifano miwili itaonyesha tofauti ya kujua na kutojua. Wa kwanza ni springi ya gari, ile ya mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi hutengenezwa kwa feleji yenye kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, zaidi ya mara mbili ya ile iliyo katika chuma laini cha kutengenezea madirisha. Bamba likivunjika, mwenye gari asiye na fedha ya kununua jingine hulipeleka likachomelewe. Kiungo hutoka kizuri, na baada ya safari chache bamba huvunjika tena, si juu ya kiungo bali kando yake, pale pale palipogeuka kuwa pagumu. Watu husema chuma kilikuwa kibovu, kumbe chuma hakikuwa na kosa. Hata kikipashwa moto kwa uangalifu, kiungo hakiwezi kurudishiwa kwa wepesi unyumbufu wa springi. Kwa hiyo shauri la fundi mwaminifu ni kukataa kazi hiyo. Mhunzi kwa upande wake aliijua springi mbovu kwa namna nyingine: huichukua, akaipasha moto yote, akaifua panga au jembe. Katika mikono yake feleji ile ile iliyomshinda mchomeleaji huwa chombo cha kudumu, kwa sababu yeye huipa joto lote na muda wote inaotaka.

Mfano wa pili ni mashine ya kumenyea kahawa, ambayo kwa miaka mingi imezungushwa kwa mkono katika maboma ya Wachaga. Mwili wake ni chuma cha kusubu, chenye kaboni ya asilimia 2 hadi 4, nacho huvunjika kama chungu kikianguka au kikipashwa moto upande mmoja. Fundi anayekijua chuma cha kusubu hutumia rodi za nikeli, huchomelea vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, hungoja kipande kimoja kipoe kabla ya kuanza kingine, na kila mara hukigongagonga kiungo kingali na moto kwa nyundo ndogo. Mapigo hayo mepesi hukitanua kiungo kinachotaka kusinyaa, na hivyo huupunguza mvutano. Kisha kitu chote huzikwa katika majivu makavu hadi kesho yake. Tazama basi: nyundo na majivu ya mhunzi yamerudi kando ya mashine ya umeme, na sayansi imevipa vyote viwili sababu.

Somo Kutoka Baharini

Asije mtu akadhani kwamba kutojua huku ni kwa nchi changa peke yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliunda kwa haraka meli za mizigo 2,710 za aina iliyoitwa Liberty, na badala ya kuunganisha mabamba kwa ribiti kama zamani, iliyachomelea. Nyingi zilitumika vema, lakini idadi kubwa zilifanya nyufa, na baadhi zilikatika kabisa. Meli ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyokuwa ya aina nyingine lakini iliyochomelewa vivyo hivyo, ilikatika sehemu mbili tarehe 16 Januari 1943 ikiwa imefungwa gatini katika maji matulivu.

Uchunguzi, pamoja na kazi ya Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ulionyesha kwamba feleji ya meli hizo ilipoteza unyumbufu wake katika baridi, na kwamba ufa ulioanzia katika kona kali au kasoro ndogo ya kiungo uliweza kukimbia meli nzima. Katika meli ya ribiti ufa ulifika mwisho wa bamba ukasimama. Katika meli ya kuchomelea bamba zote zilikuwa kitu kimoja, na ufa haukukutana na mpaka. Taifa lenye viwanda vikubwa kuliko yote lilifundishwa na kasoro ndogo kwamba wingi wa kazi hauondoi haja ya uangalifu.

Nidhamu Iliyokatika

Turejee Moshi. Mhunzi wa Mamba alikaa miaka mingi kando ya mivukuto kabla ya kuaminiwa nyundo. Fundi aliyehitimu chuoni alifundishwa sababu za kila tendo. Lakini kati yao wapo vijana wengi waliojifunza kando ya barabara kwa kutazama tu, na kinachoonekana kwa kutazama ni cheche. Kusafisha, kukausha rodi, kupasha moto na kungoja havimvutii mtazamaji, tena havilipwi. Mteja hulipia mstari wa kiungo alioona ukichorwa. Halipii saa moja ya majivu. Hivyo sehemu ya kazi iliyo ya muhimu kuliko zote ndiyo iliyokuwa rahisi kuachwa.

Wala haifai kuwalaumu vijana peke yao. Koo za wahunzi zilifunga maarifa yao ndani ya ukoo, na watoto walipokwenda shule na mashambani, mengi yalikwenda kaburini pamoja na wazee. Shule za kikoloni nazo zilimfundisha Mwafrika kuona kazi ya mikono kuwa ya waliofeli, na ufundi wa chuma kuwa kitu kilicholetwa na meli. Kijana aliyeamini hivyo hakuona sababu ya kumwuliza mhunzi wa kijijini kwake lolote. Baada ya Uhuru taifa lilijitahidi kurudisha heshima ya kazi, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza kujitegemea. Lakini heshima ya kazi hukamilika pale mteja anapokuwa tayari kulipia uangalifu usioonekana.

Walimu wana nafasi hapa. Somo la fizikia kuhusu kutanuka kwa vitu, somo la kemia kuhusu kaboni na haidrojeni, na somo la historia kuhusu Washana na wahunzi wa Mamba yaweza kufundishwa kuwa somo moja. Mahali penye karakana, chini ya uangalizi wa fundi, wanafunzi wanaweza kufanya jaribio jepesi: vipande viwili vya kiungo vitengenezwe, kimoja kwa chuma kilichosafishwa na rodi kavu, kingine kwa chuma chenye kutu na rodi iliyolala nje usiku. Kisha vyote vikatwe alama kidogo kwa msumeno juu ya kiungo, vibanwe katika jiliwa na kuvunjwa kwa nyundo. Vitundu na taka vitakavyoonekana ndani ya kile cha pili vitawafundisha kuliko hotuba ndefu.

Hitimisho

Historia ya kuunga chuma katika Kilimanjaro yaonyesha kwamba watu wa nchi hii walikuwa wameushinda ufa kwa vyombo vyao wenyewe muda mrefu kabla ya reli kufika. Hawakuwa na majina ya gesi wala vipimo vya joto, na kuna mambo ya feleji ya kisasa ambayo ufundi wao pekee usingeyaweza. Lakini walikuwa na tabia tatu ambazo hakuna mashine iliyoweza kuzichukulia nafasi: kusafisha kwanza, kukipa chuma joto kinachostahili, na kukiacha kipoe kwa wakati wake. Tabia hizo ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama ilivyo ngoma na lugha, na tofauti yake ni kwamba zikisahauliwa, kusahauliwa kwake huonekana barabarani, katika ekseli iliyokatika na trela lililoacha gari lake mteremkoni. Fundi anayemwambia mteja, "Njoo kesho, kiungo hakijapoa," anastahili kusikilizwa, na kulipwa.